Jadallah Aliyeiachia Kamba

Hebu mwoneni kwa macho ya moyo, ndugu zangu. Ni asubuhi ya mwezi wa kumi, mvua ya kwanza bado haijashuka, na mtu mrefu mwembamba anaingia Deir Sumaq kwa njia ya makaburini. Koti lake lilikuwa la askari wa Kituruki zamani. Sasa lina viraka vingi kuliko koti. Begani ana kamba iliyozungushwa mara nyingi, nyeusi kwa mafuta ya zaituni. Midomo inamchezacheza. Hasali, anahesabu hatua. Amehesabu hatua toka ujana, hata akienda msalani anahesabu, na mkewe alikuwa akituambia kwamba kutoka kitandani mpaka mlangoni kwao ni hatua sita na nusu, na ile nusu imemkera miaka thelathini.

Huyo ni Jadallah, Baba Fawaz. Akiingia na kamba begani, wanawake wanateremka kutoka mapaani, wanaume wanaacha kahawa, kwa sababu leo ni siku ya mgao.

Mashamba yetu ya bondeni hayakuwa ya mtu mmoja mmoja. Yalikuwa ya kijiji kizima, mafungu ishirini na manne, na kila mwaka wa pili tuliyagawa upya ili asiwepo wa kula udongo mnono maisha yake yote na mwenzake akabaki na mawe. Jadallah ndiye aliyepima. Baba yake alipima kabla yake. Hakujua kusoma, lakini ungemfunga macho ukamweka popote bondeni angekuambia yuko kwenye fungu la nani.

Mgao ulikuwa na sheria zake, na hizi naomba mzishike. Kila mwenye fungu lazima awepo, miguu yake juu ya udongo wenyewe. Jadallah anashika ncha moja ya kamba, mwenye fungu anashika ncha ya pili. Jiwe likiwekwa mpakani, basi, umekubali, hata ukilia mwaka mzima hakuna wa kukusikiliza. Lakini ukiiachia kamba kabla ya jiwe, mgao wote wa siku hiyo umeanguka. Si wako peke yako. Wote, hata wa wale waliopimiwa alfajiri. Watu wanarudi nyumbani, na kesho mnaanza upya. Mwaka mmoja baba wa mwenzetu Mutlaq aliiachia kamba siku tatu mfululizo kwa ajili ya upana wa mkono. Watu walimtukana mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyethubutu kugawa bila yeye. Siku ya nne wakampa ule upana wa mkono, na usiku huo wakala kwake.

Na kokoto za kura, zile za kuamua fungu lipi ni la nani, zilivutwa na mtu asiye na fungu. Mpita njia yeyote. Mwaka mmoja aliyepita njia alikuwa Myahudi, Zelig, mkulima wa lile koloni, makazi ya walowezi wa Kiyahudi ng'ambo ya bonde, gari lake la nyumbu limevunjika gurudumu. Alikuwa kijana wakati huo, uso mwekundu kama komamanga, na Kiarabu alijifunza kwa wachunga ng'ombe, kwa hiyo matusi aliyajua vizuri kuliko salamu.

Alivuta kokoto zote ishirini na nne, tukamlisha mkate na zaatari, yale majani makavu ya viungo. Mutlaq, ambaye hakuweza kukaa kimya hata kwenye msiba, akamwita hawaja, yaani bwana mgeni, akamwambia, "Hawaja Zelig, mkono wako mzuri. Mgao ujao njoo tena, tutakuoza binti wa mukhtari."

"Nimemwona mukhtari," Zelig akajibu. "Kama binti kamfuata baba, nivutieni kokoto nyingine."

Tulicheka. Hata mukhtari, mkuu wetu wa kijiji, alicheka. Nawaambia haya ili mjue kwamba hawakuwa watu wasiofahamiana.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Redio ilikuwa moja tu, ya mukhtari, na baraza lake lilijaa. Mukhtari akatueleza: ng'ambo ya bahari, mataifa yamekaa, yamepiga kura, thelathini na tatu kwa kumi na tatu, nchi igawanywe, huku Waarabu, huku Wayahudi. Watu wakapiga kelele kila mmoja na lake. Jadallah alisubiri zikatulia, akauliza swali moja tu.

"Walisimama shamba gani?"

"Nani?"

"Hao waliogawa. Walisimama shamba gani?"

"Walisimama kwenye zulia, Baba Fawaz," akasema Mutlaq. "Na zulia lenyewe la watu."

Kwa Jadallah maneno yaliishia hapo. Kama wenye mafungu hawakuwepo, huo si mgao, ni hadithi ya mgao. Alirudi nyumbani akaipaka kamba mafuta.

Vita sitavisimulia. Vilikuja, vikala vijiji vya kule chini kimoja baada ya kingine, watu wakapita kwetu na magodoro kichwani, wengine bila hata hayo. Fawaz, mwanawe Jadallah, alikwenda kupigana na hakurudi, na hatukupewa hata shati lake. Deir Sumaq haikuchukuliwa. Tulipanda ngano yetu majira ya mvua kama kawaida, tukiwa na bunduki za askari juu ya vichwa vyetu mlimani. Halafu masika ikafika habari kwamba serikali mbili zimekutana kisiwani, zimechora mstari kwenye ramani kwa kalamu ya rangi, na vita vimesimama. Nyumba zetu zilibaki upande wa juu wa mstari. Bonde lote, mafungu yote ishirini na manne, ngano ikiwa imefika kiunoni, likawa upande wa chini, wa Wayahudi.

Na kisima? Kisima kilikuwa ndani ya unene wa kalamu. Ndiyo, ndugu zangu. Ule wino kwenye ramani ni upana wa uzi, lakini ukiushusha ardhini ni hatua mia mbili, na kisima chetu, cha pekee, kilikuwa katikati ya uzi. Chemchemi nyingine ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa punda.

Mukhtari akapewa taarifa: Jumanne wanakuja maafisa wa pande zote mbili na mzungu wa Umoja wa Mataifa kuweka alama ardhini. Wanataka mtu mmoja wa kijiji anayeijua ardhi, awaongoze na awashikie utepe wa kupimia.

Tulikaa barazani alasiri yote. Nilikuwepo, na nisije nikajitoa katika hili: nilikuwepo.

"Asiende mtu," akasema Mutlaq. "Ukishika utepe umekubali. Wapime wenyewe na vivuli vyao."

Mkewe, Rasmiya, alikuwa mlangoni na wanawake wengine. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, na mumewe alimwogopa kwa furaha. "Na maji tuchote wapi, Baba Hatim? Kwenye masharubu yako?"

"Nyamaza, mwanamke, tunazungumza mambo ya nchi."

"Zungumzeni. Mkimaliza nchi, mje mniambie niwapikie kwa maji gani."

Mukhtari akamgeukia Jadallah. "Baba Fawaz, useme wewe."

Jadallah akajisugua magoti. "Nisipokwenda, wataweka alama kwa kukisia, na kisima kitakwenda. Nikienda nikashika, nimekubali mgao ambao wenye mafungu hawakuitwa. Nimelifikiria hili siku tatu." Akatutazama mmoja mmoja. "Nitashika. Nitawatembeza mpaka kisima kiwe upande wetu. Halafu penye alama ya mwisho, kabla haijawekwa, nitaachia."

Kisha baraza likalipuka. Watu walimkumbatia. Mutlaq tu ndiye aliyekuna kidevu. "Ukiachia mgao umeanguka. Si na kisima kinaanguka nao?"

"Kisima hakihitaji mgao ndipo kiwe chetu," Jadallah akajibu. "Wala bonde."

Msitucheke. Nyinyi mnaona kosa liko wapi, nasi leo tunaliona. Lakini kwa watu waliozaliwa wakaona babu na baba wakizuia kijiji kizima kwa kufungua vidole tu, lile lilikuwa jambo la wazi kama jua. Hata mimi nilimwambia, "Mungu akupe umri, Baba Fawaz."

Jumanne walikuja kwa magari mawili, moja jeupe. Mzungu alikuwa mtu mpole aliyeungua pua kwa jua. Afisa wetu alitoka mjini na viatu vya kung'aa. Na upande wa pili, pamoja na afisa wao, alishuka Zelig, mwenye mvi sasa, ameletwa kwa sababu anaijua ardhi na lugha. Sisi tuliwatazama kutoka mapaani. Waliyozungumza nimeyapata kwa Jadallah mwenyewe, miaka baadaye, na hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Walipeana mkono. Utepe ulikuwa wa chuma, na Zelig alipewa ncha ya pili.

"Umezeeka, Baba Fawaz."

"Wewe je? Ulikuja komamanga, sasa umekuwa zabibu kavu."

Walipima kidogo. Halafu Jadallah akasema, "Mwaka ule ulivuta kokoto kwa sababu hukuwa na fungu. Leo unashika kamba. Fungu ulipewa na nani?"

"Lilipigiwa kura."

"Na wavuta kokoto. Tangu lini mvuta kokoto akagawa?"

"Sikiliza," Zelig akasema, na alisimama kabisa, utepe ukalegea. "Sisi tuliitwa tukaenda. Tulipewa kipande, si chote tulichotaka, tukasema ndiyo. Nyinyi hamkutaka hata kuketi."

"Mtu akija kukuambia mgawane nyumba yako, kosa ni lako usipoketi?"

"Nilikuwa na dada na wanawe wanne kule tulikotoka. Wao hawakupata hata nyumba ya kubishania. Niambie, wangekwenda wapi?"

"Sijui," Jadallah akamwambia. "Mungu awarehemu. Lakini mimi sikuwaua, Zelig. Na bonde ni lile lile, halikuongezeka."

"Najua," akasema Zelig. "Vuta utepe."

Walipofika kisimani, afisa wao akataka alama ipite juu yake. Jadallah alionyesha kwa mkono jiwe kubwa hatua arobaini chini, akaapa kwamba ndipo njia ya zamani, ile ya kwenye ramani yao, ilipopita. Haikupita hapo hata siku moja. Mzungu akamuuliza Zelig. Zelig alilitazama lile jiwe, akatutazama na sisi juu ya mapaa, akamjibu mzungu kwa lugha yake kwamba ndipo. Afisa wake akawa mwekundu akamjibu kwa ukali, lakini mzungu alikwisha chora. Kisima kikawa chetu. Tuliwasikia wanawake wakipiga vigelegele, na Rasmiya alikuwa wa kwanza.

Alama ya mwisho ilikuwa mwisho wa bonde, ukingoni mwa ngano. Pipa la mafuta, tupu, lilikuwa tayari limepakwa chokaa. Askari wawili walikuwa wamelibeba, hawajalitua. Jadallah akasimama wima. Akafungua vidole.

Utepe wa chuma ulirudi kwa mlio kama nyoka. Sisi juu tukaona, na watu wakasema Mungu ni mkubwa.

Mzungu aliuliza, "Anaumwa?" Akatoa chupa yake ya maji akampa. Askari mmoja aliinama, akaokota ncha ya utepe, akaishika mahali pake. Pipa likatuliwa. Dakika moja, basi.

Zelig alimsogelea wakati wengine wanakunja ramani. "Nimeona ulichofanya," alisema polepole.

"Unajua maana yake."

"Mimi ninajua. Wanaolinda huku ni vijana waliofika mwezi uliopita kwa meli. Hawajui hata ng'ombe anaitwaje. Wameambiwa anayevuka pipa apigwe risasi. Usiwaache watu wako washuke, Baba Fawaz. Nakuomba."

"Waambie basi, wewe unayejua."

"Nitawaambia. Hawatanisikiliza."

Jadallah akapanda mlima. Tulimlaki njiani, Mutlaq mbele.

"Umeachia?"

"Nimeachia."

"Kabla ya pipa?"

"Kabla ya pipa."

Mutlaq akambusu kichwani. "Basi mgao hakuna! Pipa lao wakaloweke humo matango!"

Hilo tu. La Zelig Jadallah hakulisema. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akaniambia hivi, na nayasema kama alivyoyatamka: "Ningesema, ningekuwa nimewaambia kwamba vidole vyangu havina kazi tena. Sikuweza. Nilidhani pia, labda nusu ya moyo, kwamba wale askari wataona haya."

Ngano iliiva wiki ya tatu baada ya hapo. Ilikuwa ngano nzuri, mtaniwia radhi, bado naiona. Nyumbani mapipa ya nafaka yalikuwa yamekwangwa mpaka chini. Rasmiya hakumngoja mumewe. Saa mbili asubuhi alishuka na wanawake wawili, mundu mkononi, shuka za kubebea kiunoni, na alipopita penye pipa jeupe alilipiga teke, wenzake wakacheka. Wale wawili walisimulia. Walikata kwa muda wa kutosha kufunga miganda mitano. Fungu lile mwaka huo lilikuwa la Mutlaq kwa kura.

Risasi zilikuwa mbili. Wanawake wawili wakarudi wakikimbia.

Hatukuweza kumfuata. Tuliketi juu tukitazama kitu cheusi kwenye ngano, na Mutlaq ilibidi ashikwe na wanaume wanne. Adhuhuri ilipopita tukaona gari la nyumbu linakuja polepole kutoka koloni, kitambaa cheupe kwenye fimbo. Alikuwa Zelig, peke yake. Nyuma amemlaza Rasmiya, amemfunika kwa magunia safi. Alisimama upande wake wa pipa, hakuvuka.

Tulishuka watu watano, na Jadallah na Mutlaq wakiwemo. Zelig hakushuka garini wala hakuinua uso. Mutlaq alifunua gunia, akaangalia, akafunika. Sauti yake ilitoka ndogo, sijapata kuisikia hivyo.

"Hawaja Zelig. Hukuweza kutuambia?"

Zelig akainua uso sasa. Hakumtazama Mutlaq. Alimtazama Jadallah.

"Nilimwambia," akasema. "Siku ile ya pipa. Nilimwambia yeye."

Nzi walikuwa wengi. Nakumbuka nzi. Mutlaq akageuka, akamtazama Jadallah muda mrefu, na sote tulingoja Jadallah akane. Hakukana. Aliinama amshike marehemu miguuni amsaidie kumbeba, na Mutlaq akamwondoa mkono, taratibu tu, kama unavyomwondoa mtoto kwenye jiko.

Toka siku hiyo Mutlaq hakusema naye tena. Alisema na sisi wengine, ingawa mizaha iliisha kama taa iliyokwisha mafuta. Mashamba hatukuyapata. Mgao ule mnajua ulivyokwenda: wao walisema umekwisha, sisi tulisema haujapata kuwapo, na vitoto vilizaliwa kijijini ambavyo bonde vililijua kwa kutazama tu. Watu walianza kwenda kubeba zege mjini. Wengine walivuka mto wasirudi.

Lakini maji tulikunywa. Hilo lazima niliseme. Vijiji jirani, ambavyo kalamu ilivichukulia visima, vilihama nusu kwa kiu. Sisi tulibaki. Kila asubuhi Jadallah alikuwa kisimani mapema, akirekebisha ukingo, akibadilisha kamba ya ndoo, na kila asubuhi Mutlaq alikuja na mitungi miwili, kwa kuwa mke hana tena.

"Asubuhi ya heri, Baba Hatim," alisema Jadallah.

Mutlaq aliteka maji, akaondoka.

Miaka minane, ndugu zangu. Asubuhi ya heri, na maji yanamwagika kwenye mtungi, na nyayo zinaondoka. Siku moja nilimwambia Jadallah aache kumsalimu, anajidhalilisha. Akanijibu, "Akinitukana nitaacha."

Alifariki majira ya baridi, kwa kifua. Tukamwosha, tukamtoa. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, udongo unateleza, na kijiji chote kilikuja, kwa sababu hakuna nyumba ambayo haikunywa kwa mkono wake. Mutlaq naye alikuja. Hatukumtarajia. Alisimama safu ya mbele, mkabala na jeneza, mikono ameikunja, mzee sasa.

Sala ikaisha. Sheikh akatugeukia kama desturi ilivyo, akauliza, "Enyi watu, mnamshuhudia nini maiti huyu?"

Kwa kawaida jibu hutoka kabla swali halijaisha. Mtu mwema, tunasema sote kwa pamoja, hata kwa mwizi wa kuku, na Mungu atajua mwenyewe. Safari hii midomo ilifunguka ikafungwa. Kila mmoja alikuwa akimtazama Mutlaq. Hakuna aliyetaka kushuhudia mbele yake kabla yake, na yeye alikuwa akilitazama jeneza kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Sheikh akangoja. Maji ya mvua yalikuwa yakitiririka pembeni mwa kaburi. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa safu ile ya mbele, umesimama bega kwa bega na Mutlaq, ungejibu nini?